Kile cha Kuzuia Maji

Jumatatu, 12 Machi 1956

Baba mkwe yumo nyumbani mwangu.

Gideoni, mume wangu, kamleta mchana na lori la misheni, mvua ikimwagika. Nasikia mzee alilazwa nyuma ya lori kifudifudi, juu ya godoro la majani, chini ya turubai. Nasikia — maana sikuona. Niliposikia lori linakata kona nilijitupia shuka kichwani, nikatoka kwa mlango wa jikoni mpaka nyuma ya banda la kuku, nikageukia ukuta. Nimesimama hapo mvua inanipiga mpaka Gideoni alipokuja kuniambia: tayari, tumeshamwingiza.

Ameungua. Mgongo wote na mapaja. Tangu mama mkwe afariki anakaa peke yake kule Rungwe, na baridi ile ya Rungwe — alisinzia karibu na moto, blanketi likashika. Hospitali wamemfunga bendeji, wakasema hawana kitanda, akae kwa mwanawe hapa Mbeya, dresa, yule mfunga vidonda, atamfuata.

Miaka yote ya ndoa yangu sijapata kuuona uso wa mzee huyu. Wala yeye wangu. Kwetu Wanyakyusa mkwe na baba mkwe hawaonani, hawasemezani, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Jina lake silitaji, na neno linalofanana na jina lake silitaji. Wazee wa kanisa wanasema tuyaache hayo, tumeshabatizwa. Wazee wa kanisa hawakulelewa na mama yangu! Mama alisema: mwanamke akigusa hata maji aliyooga baba mkwe, tumbo lake halishiki.

Na mimi nina mimba. Ya tatu. Mbili za kwanza hazikukaa.

Tumegawana nyumba. Yeye vyumba vya mbele, mimi jiko na stoo. Nikipita uani nakohoa. Akisikia anageukia ukutani. Basi tutaishi kwa kukohoa.

Jumatano, 14 Machi

Dresa kaja. Anaitwa Ambrosi, Mhehe kutoka Iringa, Mkatoliki, mrefu kama mlingoti wa bendera, na mdomo haufungi. Kanieleza kupitia dirisha la jiko: bendeji zimegandana na nyama. Ukizivuta kavu zinatoka na ngozi. Inatakiwa mzee alale kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi mpaka zijiachie zenyewe. Yeye atamlaza, atakwenda kwa wagonjwa wengine, atarudi kuzifungua. Leo, keshokutwa, hivyo hivyo mpaka ngozi ianze kurudi. La sivyo vidonda vitaoza. Nikamuuliza, vikioza? Akasema, mama, unalijua jibu.

Kumbe ndiyo sababu Gideoni kamleta hapa: bafu. Nyumba hii ilikuwa ya Mzungu wa misheni, karudi kwao, na sisi tumewekwa tuilinde kwa kuwa Gideoni ndiye dereva wao. Bafu la chuma lenye miguu. Sisi tunaoga kwa karai, bafu nilikuwa natunzia viazi! Nimeviondoa vyote upesi, nimelisugua kwa majivu.

Bafuni kuna mlango wa nyuma unaotokea uani hapa kwangu, zamani boi aliingizia maji ya moto. Nachemsha maji kwenye debe, naliweka mlangoni, nakohoa, narudi jikoni. Gideoni analivuta ndani.

Kumbe bafu halishiki maji. Kile cha kuzuia maji — kile cha mpira chenye mnyororo, kinachokaa kwenye tundu la bafu — kimekauka, kimepasuka. Jina lake kila mtu analijua. Mimi silisemi wala siliandiki. Limekaa jirani mno na jina la baba mkwe, ukilitamka haraka ni lile lile. Hata tendo lake silisemi. Nasema kubana, nasema kufunga, wanaonijua wananielewa.

Ambrosi aliporudi maji yalikuwa yameshakwenda, mzee kalala juu ya chuma kitupu, bendeji zimeanza kukauka upya. Akazivuta hivyo hivyo. Angefanyaje? Jiko limegusana ukuta na bafu. Nimeyasikia yote. Mzee wa umri ule anamwita mama yake! Nimeziba — hapana! Mungu wangu, nimeliandika. Nimelikata kwa kalamu lakini bado linasomeka. Nimeyafunika masikio yangu kwa shuka, ndivyo nilivyotaka kusema.

Alhamisi, 15 Machi

Gideoni kakitoa kile cha zamani. Kimemvunjikia mkononi, vipande vipande, vingine vikaingia shimoni. Kajaribu kitambaa. Kitambaa kinapitisha. Kajaribu udongo, ukayeyuka. Nikamwambia, bana bomba lile la nje. Akasema bomba limepasuka chini ya sakafu, maji yanaishia huko huko ardhini, hakuna pa kubana isipokuwa pale pale kwenye tundu.

Kesho anakwenda Iringa kuchukua mabati ya kanisa. Nimemwomba asiende. Kasema kazi ya watu hii, Tupokigwe, nikikataa tutalala wapi? Amesema huko Iringa maduka ni makubwa, atanunua kipya.

Wifi Ikupa kafika jioni na basi kutoka Igowole, mume wake anafanya kazi kwenye chai. Nimefurahi mpaka nimemkumbatia na matope yake. Binti wa kumzaa anaingia anapotaka, anamlisha, anamshika. Yeye hana haja ya kukohoa.

Ijumaa, 16 Machi

Siku mbaya. Na kosa ni langu.

Gideoni kaondoka alfajiri. Ikupa alitaka kwenda dukani, nikamwambia kaa na baba, nitakwenda mwenyewe. Kiburi changu. Duka la vyuma la Mhindi, pale chini karibu na soko. Watu wamejaa. Ananiuliza, mama unataka nini? Nikasema: nataka kile cha kufungia maji ya bafu.

— Ya kufungia maji?

— Ndiyo. Maji yasitoke.

— Kubwa, dogo?

Nikamwonyesha kwa vidole. Akaitikia kwa kichwa vizuri kabisa, akaenda nyuma, akarudi nacho kimefungwa kwenye gazeti. Kizito kidogo. Nikafikiri, vya siku hizi wanatia chuma. Nikalipa, nikarudi mbio, mvua hiyo.

Ikupa kafungua gazeti. Koki! Koki ya bomba, ya shaba, inang'aa! Ndiyo inayofungia maji yasitoke, Mhindi hana kosa hata kidogo. Ikupa alicheka akakaa chini. "Wifi, si ungesema tu neno lenyewe!" Na mimi nikacheka. Tukacheka wote wawili kama wajinga.

Halafu Ambrosi akafika.

Hatukucheka tena. Ikupa aliminya tambara kwenye tundu kwa mkono, mkono mwingine unaongeza maji, lakini mtu mmoja hawezi yote mawili. Maji yakapungua. Ambrosi akavuta. Leo mzee hakumwita mama yake, nilisikia meno yake tu yakisagana. Afadhali angelia.

Neno moja. Ningelitamka neno moja mbele ya Mhindi asiyemjua hata baba mkwe ni nani. Nilishindwa. Kinywa kilikataa. Niliposimama pale nilijaribu kweli, Mungu ni shahidi, ulimi ukagoma.

Jumamosi, 17 Machi

Ikupa kaenda dukani asubuhi, kalisema neno bila wasiwasi, akajibiwa: vimekwisha, mpaka mzigo utoke Dar es Salaam. Basi hata ningelisema ningerudi mikono mitupu. Nilidhani hilo litanituliza. Halijanituliza.

Nilikuwa napukuchua mahindi. Nikaliangalia gunzi mkononi. Kibuyu cha maziwa mama alikifunga kwa nini siku zote? Kwa gunzi! Nikachukua kisu. Nimechonga moja, nene juu, jembamba chini. Nimelivika kitambaa cha shuka kuukuu, nimelichovya kwenye nta ya mshumaa, nikalifunga uzi juu wa kuvutia. Ikupa kalijaribu na ndoo ya maji. Tukangoja. Halikuvuja hata tone.

Bafu lilikuwa tupu na kavu, nami nikaingia kulichungulia lile tundu. Bafu kavu si maji yake. Nimejiambia hivyo nikiwa mlangoni, nikajiambia tena nilipotoka.

Jumapili, 18 Machi

Limeshika!

Ambrosi kamlaza mzee, kafunikwa shuka, Ikupa kaketi naye. Ukutani kimya. Nimekaa jikoni na mikono juu ya magoti, sikuweza hata kukoroga uji. Ambrosi aliporudi, nikasikia anaongea, anaongea, na mzee anamjibu. Anamjibu kwa sauti ya mtu wa kawaida! Bendeji zilijiachia kama ganda la kiazi kilichoiva. Ikupa akavuta uzi, gunzi likatoka, maji yakaenda zake.

Ambrosi kapita dirishani. "Mama, leo mzee ananisimulia habari za ng'ombe wake." Nikalia mbele yake. Kwa nini nisilie.

Jumanne, 20 Machi

Vizuri tena. Gunzi linavimba likikaa majini, linalainika, halifai mara ya pili. Kwa hiyo kila kuoga gunzi jipya. Nachonga jioni yake. Vidole vina malengelenge, sijali.

Dereva mmoja Msangu kapita na habari: Gideoni amekwama Nyololo. Barabara imekuwa uji. Malori yamepangana, watu wanalala chini ya magari wakingoja jua. Yeye mzima, anasalimu. Kile cha mpira anacho tayari, kakinunua Iringa. Kipo mfukoni mwake huko Nyololo!

Ikupa kaniambia jambo usiku wa leo tukila. Mzee kamuuliza, hiki kinachozuia maji kakifanya nani? Akajibu, wifi. Mzee akasema, mm. Baadaye akasema, mwambie asiwe anasimama mvuani ananikimbia, akohoe tu, mimi nitajifunika uso. Na akasema tena: siku ikifika ya mimi kuhitaji mkono wake, nibebeni mnirudishe Rungwe nikafie huko. Sitamwangusha yule aliye tumboni.

Kumbe anajua nina mimba. Nani kamwambia? Gideoni huyo.

Nilidhani ananichukia. Miaka yote hii nilidhani hivyo.

Alhamisi, 22 Machi

Kuoga kumeenda salama. Ambrosi anasema mapajani ngozi mpya inaonekana, nyekundu, nzuri. Mgongo bado. Wiki hii ndiyo ya kuchunga, tukikosea sasa tunarudi mwanzo, na mzee hana nguvu ya kurudi mwanzo.

Jioni mtu kaleta maneno kutoka Igowole. Mtoto wa Ikupa ana homa, hali si nzuri. Lori la chai linaondoka kesho asubuhi. Ikupa ananitazama, mimi namtazama. Nitasemaje? Nikasema nenda, wifi, nenda kwa mwanao.

Nimekwenda kwa mzee Jailos, mlinzi wa kanisa. Kakubali kuja Jumamosi kukaa na baba mkwe majini. Ni msahaulifu kidogo, lakini mwanamume.

Ijumaa, 23 Machi

Ikupa ameondoka. Kabla hajapanda aliingia kuagana. Dirisha lilikuwa wazi nami nilikuwa nafagia chini yake, sikusikiliza kwa kusudi. Mzee alimwambia: nenda mwanangu, mtoto kwanza, usinihofie mimi. Alimshika mkono muda mrefu, Ikupa kasema hakutaka kumwachia. Lori likapiga honi. Mzee kauliza, ndilo hilo? Ndilo, Tata. Akamwachia.

Lilipopanda mlima mlio wake ulisikika mpaka mbali. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Jumamosi, 24 Machi

Sijui nianzeje.

Jailos hakuja. Kumbe kapelekwa kukata matawi ya kesho, Jumapili ya Mitende, na ile ahadi yake kwangu ikapeperuka. Nimetuma nyumba ya pili, wanaume wote shambani. Ambrosi kafika, kangoja kidogo, kasema mama siwezi kungoja zaidi, wagonjwa wengine wananisubiri. Kamlaza mzee mwenyewe, kaweka gunzi mwenyewe, debe la maji ya kuongeza kando yake, akasema nikirudi tutafungua. Akapanda baiskeli.

Nilikuwa jikoni. Kimya. Nikaanza kuchambua maharage.

Kisha ule mlio. Ule wa tundu linakunywa.

Nilikimbia mpaka mlango wa nyuma. Nikakohoa. Hakuna jibu, ila mlio. Nikakohoa tena, kwa nguvu, kama mgonjwa wa kifua. Nikasikia anahangaika, mkono unapapasa chuma. Tundu liko miguuni kwake, mgongo ule hauwezi kuinama. Anapumua kwa taabu. Maji yanakwenda.

Nilisimama. Lazima niandike ukweli: nilisimama. Niliwaza tumbo langu kwanza. Niliwaza wale wawili wa mwanzo, walioko chini ya mti nyuma ya kwa mama. Nikasema Bwana, usinifanyie hivi. Nikasema mambo mengine ambayo hayafai kuandikwa wiki hii ya Mateso.

Halafu akaguna. Mara moja tu, kwa chini, kama mtu asiyetaka kusikika. Alikuwa anajizuia ili nisisikie! Ili nisije!

Nikajifunika shuka kichwani mpaka kidevuni. Nikaingia kinyumenyume. Nikapiga magoti, nikapapasa ukingo wa bafu mpaka mwisho wa miguu, nikatia mkono. Maji yake. Yalikuwa ya vuguvugu tu, na chumvi ikauma kwenye malengelenge. Gunzi lilikuwa limekatika, nusu inaelea. Nikalitafuta tundu kwa vidole, nikaweka kiganja juu yake, nikabana. Likanivuta, likaninyonya kiganja kama mdomo wa ndama. Mlio ukakoma.

Akasema, "Nani?"

Sikujibu. Ningejibuje? Nikijibu atajua, akijua atainuka, akiinuka vile ngozi ya wiki nzima itabaki kwenye bendeji. Nikauma shuka.

"Nani hapo?"

Maji yakacheza. Alikuwa ameshika kingo mbili ili ainuke. Nilihisi mawimbi mkononi mpaka kwenye kiwiko. Nikatikisa kichwa ndani ya shuka, hapana, hapana, tafadhali baba — kimoyomoyo. Na machozi yananitoka.

Mawimbi yakatulia. Hakuinuka. Akakaa hivyo muda, sijui muda gani. Kisha akasema, polepole, na hakuwa anauliza:

"Ikupa."

Nikafikiri homa imempanda. Nikafikiri amesahau. Lakini aliagana na Ikupa jana kwa mkono wake mwenyewe, alilisikia lori!

"Ikupa, maji yanapoa. Ongeza kidogo, mwanangu."

Nikapapasa kopo kwa mkono wa kushoto, nikachota kwenye debe, nikamimina taratibu kwa pembeni. Akashusha pumzi.

"Mtoto wa kumzaa hadhuriki na maji ya baba yake," akasema. Alikuwa ameelekeza uso ukutani, sauti iligonga ukuta kwanza ndipo ikanifikia. "Wala aliye tumboni mwake hadhuriki. Sivyo, Ikupa?"

Nilishindwa kuitikia hata kwa kichwa. Nilibana tundu tu.

Mkono ulikufa ganzi. Kiuno kikawaka. Ambrosi aliporudi alifungua mlango akatuona: mimi na shuka langu kama kivuli, mkono majini, mzee kageukia ukuta. Akafungua mdomo. Nikamwonyesha kidole kwenye midomo, juu ya shuka. Ambrosi, yule wa kelele zote zile! Akavua viatu akaingia kimya, akafungua bendeji zote bila kusema neno hata moja. Zilitoka laini.

Jumapili, 25 Machi

Kanisa limejaa matawi. Sikuimba.

Tangu jana mtoto hajacheza. Huwa anacheza asubuhi nikiinama kuwasha moto. Nimeinama mara nyingi leo bila sababu. Nimelala ubavu wa kulia, wa kushoto. Hakuna kitu.

Ningemwendea mama ningeambiwa nini? Najua ningeambiwa nini. Kwa hiyo siendi.

Kiganja kina duara jekundu katikati. Nimepaka mafuta.

Jumatatu, 26 Machi

Alfajiri amecheza. Mara moja. Au ni hewa tumboni, nilikula maharage. Sijui! Nimekaa kitako kitandani nikimngoja arudie, nikachelewa hata kuwasha moto.

Jailos kaja leo, kanyong'onyea, anaomba radhi. Kaingizwa bafuni. Baada ya muda mfupi katoka, anakuna kichwa. "Mzee amenifukuza. Anasema binti yake yupo, atakaa naye. Binti gani? Si aliondoka Ijumaa?" Nikasema yupo. Yuko wapi? Yupo tu, mzee Jailos, nenda nyumbani, asante. Kaondoka akigeuka nyuma.

"Ikupa!" kule ndani.

Nikachukua shuka.

Gunzi la leo ni zuri, nimelivika vitambaa viwili. Lilishika lenyewe. Mkono wangu haukuwa na kazi, ila nimeuweka juu yake hivyo hivyo muda wote, endapo. Mzee kanisimulia. Anasimulia akiwa amegeukia ukuta, anaanza kila neno na "Ikupa, unakumbuka." Unakumbuka yule ng'ombe mweupe. Unakumbuka mama yako alivyokuwa anapika mchuzi wa kunde. Mimi sikumbuki chochote, nilikuwa sijaolewa, niko Mwakaleli nakimbiza mbuzi. Lakini sasa namjua mama mkwe alivyocheka. Gideoni hajawahi kunisimulia hata nusu yake.

Sijasema neno. Sauti yangu haijui, nikiitoa tu yote yataharibika. Ikupa ana sauti nene, mimi yangu nyembamba.

Jumatano, 28 Machi

Gideoni amerudi!

Jua la siku mbili limekausha kule Nyololo. Kaingia asubuhi, matope mpaka nyusi, amekonda. Kabla hajanawa kakitoa mfukoni: kipya, cheusi, cha mpira, mnyororo unang'aa. Kaenda moja kwa moja bafuni kakiweka. Kimeingia barabara, kama kimezaliwa pale. Kakivuta kwa mnyororo, kikatoka. Kakirudisha, kikakaa. Kajaza ndoo mbili, tukangoja. Maji yamesimama, hayatikisiki. Kaniita dirishani nichungulie. Kafurahi kama mtoto. "Sasa umepumzika, mke wangu. Nimesikia umeteseka na magunzi. Basi yamekwisha."

Yamekwisha, nikasema.

Magunzi niliyochonga jana nimeyatia motoni.

Sikumwambia. Nilitaka kumwambia akila, akasinzia na kijiko mkononi. Halafu Ambrosi akafika, wakamlaza mzee wakiwa wawili, wanaume kwa wanaume, kama inavyotakiwa. Ambrosi kapita dirishani, kanitazama, kasema tu, "Haya, mama," akapanda baiskeli. Mgongo unaendelea vizuri, anasema bafu mbili tatu tena basi.

Nimekaa jikoni. Debe la kuongeza liko motoni, halijachemka bado, ndiyo maana naandika. Hakuna mlio wowote ukutani. Kile cha Iringa kimeshika kweli. Gideoni anapiga soga humo ndani, habari za matope. Mzee hamjibu.

Sasa hivi kaita.

"Ikupa!"

Nimesikia Gideoni: "Tata, Ikupa yuko kwake Igowole. Mimi nipo. Unataka nini?"

"Ikupa! Maji yanapoa."

"Tata, ni mimi, Gideoni. Maji nakuongezea mimi."

"Acha. Yeye ataongeza."

Gideoni ametoka kwa mlango wa nyuma, kaja mpaka hapa kizingitini, uso umemwiva kwa hofu. Ananinong'oneza: baba kachanganyikiwa, anamwita Ikupa kana kwamba yuko jikoni, homa imempanda kichwani, nimfuate Ambrosi? Nimemwambia hana homa. Umejuaje? Hana homa, Gideoni. Ananitazama. Anautazama mkono wangu, maana bila kujua nimeshalishika lile shuka.

"Ikupa, mwanangu."

Safari hii sauti yake ilitetemeka. Alikuwa anaomba. Mzee yule anaomba, na kile cha mpira kimekaa sawasawa, na mwanawe wa kiume yuko pale pale — hana haja ya mkono wangu tena. Hana haja hata kidogo. Na bado anaita.

Nimeitika. Kwa sauti. Kwa sauti yangu hii nyembamba, hadi uani imesikika: "Abee, baba!"

Gideoni ameshika mwimo wa mlango. Ndani kumekuwa kimya kabisa. Hata maji siyasikii. Debe limeanza kuchemka. Najifunika shuka, nalipeleka.